Moyo Uliosimamishwa kwa Kidole

Jina la Mama Jeli lilitokana na chupa. Wapiga picha wengine wa utrasaundi humminyia mjamzito jeli tumboni vilevile ilivyo, ya baridi, na mama wa watu akaruka kitandani. Yeye kila asubuhi alianza kwa kuiloweka chupa katika bakuli la maji ya uvuguvugu, akaipima kwa kiwiko kama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, ndipo akamwita wa kwanza. Wanawake wakamwita Mama Jeli, wauguzi wakafuata, na mwishowe hata mumewe, dereva mstaafu ambaye hakuwahi kuiona mashine yenyewe, akawa anamwita hivyo kila alipotaka chai.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya maabara. Kitanda kimoja, mashine moja, feni iliyozunguka ikipenda, na pazia la kuzuia mwanga dirishani. Alikuwa amekaa humo muda mrefu kiasi kwamba wasichana aliowaona wakiwa nukta kwenye skrini walianza kuja na matumbo yao wenyewe.

Na alikuwa na desturi moja ambayo hakuna chuo kilichomfundisha. Kazi ile ina utaratibu wake: pima kwanza, andika, halafu mwonyeshe mama ukipenda. Mama Jeli alianza na mwisho. Akishauona moyo tu, aliugeuza uso wa skrini kwa mama, akafungua sauti, akasema, "Haya, msalimie mwanao." Tusimpambe bure. Mwanzoni hakufanya hivyo kwa mapenzi. Aligundua tu kwamba mwanamke anayetazama skrini hatikisiki, na asiyetikisika ni rahisi kumpima. Mapenzi yalikuja baadaye, na utani ukaja nayo. "Huyu naye katugeuzia mgongo," angesema, "kama baba yake akiulizwa alikolala." Wanawake walicheka mpaka picha ikaharibika, ikabidi aanze upya.

Daktari, bwana mpole ambaye miwani yake ilikaa upande siku zote, alimwonya zaidi ya mara moja. "Mama Jeli, pima kwanza. Salamu baadaye."

"Sawa, daktari," alijibu kila mara, na onyo likaingia sikio la kulia likatokea la kushoto.

Siku moja aliingia fundi mapazia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono imara, na sindano alizosahau kuzichomoa kwenye kola ya gauni. Alikuja kwa sababu ya maumivu chini ya tumbo, upande wa kushoto, na damu kidogo. Lakini juu ya maumivu alikuwa na furaha ambayo alijaribu kuificha ikamshinda. Alikuwa ameolewa miaka tisa bila mtoto. Miaka tisa ya kila shangazi na kila jirani kumwuliza, "Vipi, bado tu?" Sasa kipimo cha mkojo kilikuwa kimesema ndiyo, na mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa nje kwenye benchi akikunja kofia na kuikunjua.

"Hili pazia lako," alisema akipanda kitandani, "pindo lake limeshonwa na mlevi."

"Na mlevi mwenyewe ndiye mhasibu wetu," Mama Jeli alimjibu. "Lala, mwanangu. Jeli yangu haina ubaya."

Walikuwa bado wanacheka Mama Jeli alipoweka kifaa tumboni. Alikisogeza kidogo tu, na pale pale akakiona kile kinukta kinachopepesa. Moyo. Alifurahi kwa ajili ya mwanamke yule, alifurahi kweli, na mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya. Skrini ikageuka. Sauti ikafunguka, na chumba kikajaa mapigo ya haraka haraka, kama ya mtu anayewahi mahali.

"Haya, msalimie mwanao."

Fundi mapazia alijiziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka yakamtiririkia masikioni, wala hakuyafuta. Mama Jeli, angali akitabasamu, alirudisha macho kwenye picha ili sasa apime, na ndipo alipoona kwamba mfuko wa uzazi ulikuwa mtupu. Ulikuwa pale pembeni, mzima, msafi, hauna kitu. Mtoto alikuwa nje yake, ndani ya mrija wa kushoto, mahali pembamba ambapo hapana mtoto anayeweza kukulia.

Alizima sauti, lakini alikuwa amechelewa. Mama alikuwa amekwisha kumsikia mwanawe.

Daktari aliwaita mume na mke ofisini kwake, na Mama Jeli akasimama mlangoni kwa sababu miguu haikutaka kuondoka. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Mrija hautanuki, na mtoto akiendelea kukua utapasuka, na damu itamwagikia tumboni. Hakuna namna ya kumhamisha mtoto. Hakuna daktari popote aliyewahi kuiweza kazi hiyo. Ipo sindano, lakini hiyo huwafaa wanaowahi mapema, kabla mapigo hayajaanza. Hapa ilibaki kupasua na kuutoa mrija, na iwe leo. Mrija wa kulia utabaki, na kwa mrija mmoja watu wanazaa.

Fundi mapazia alisikiliza mpaka mwisho. "Moyo wake unapiga?" aliuliza.

"Unapiga."

"Kwa hiyo mtamtoa yu hai."

Daktari angeweza kukwepa, na hakukwepa. Kwa hilo apewe sifa yake. "Ndiyo. Lakini hatabaki hai hata tusipomgusa, mama. Yeye hayuko tena katika uwezo wako wala wangu. Aliye katika uwezo wetu ni wewe."

"Basi tusubiri," alisema. "Moyo ukisimama wenyewe, nikateni mtakavyo. Afe kwa amri ya Mungu, asife kwa sahihi yangu. Miaka yote hii namwita, leo kaja, halafu neno la kwanza mama yake analomwambia liwe ‘toka’?"

"Unaweza kupasuka kabla haujasimama."

"Naweza. Na naweza nisipasuke."

Mumewe alimshika bega, akambembeleza, akapandisha sauti, akairudisha chini. Mwishowe akamgeukia daktari. "Mimi ndiye mume. Nipe kalamu, nitaweka sahihi mimi."

"Mkeo ana akili zake timamu," daktari alisema. "Siwezi kumlaza mezani mtu mzima huku anasema hapana. Akizimia, hapo naruhusiwa kumwokoa bila kumwuliza. Lakini wanaozimia kwa jambo hili si wote wanaoamka. Mbembelezeni. Mimi nimeishia hapo."

Akalazwa wodini, karibu na chumba cha upasuaji, akalala akiukumbatia ubavu wake. Kila muuguzi aliyepita alijaribu neno, na kila neno lilirudi lilikotoka. Kuna watu waliomwita mjinga siku ile, na mimi siwaungi mkono. Mwanamke yule alielewa kila alichoambiwa. Alikuwa akikataa jambo moja tu: kuwa yeye ndiye atakayesema ndiyo.

Mchana mumewe alibisha hodi kwenye chumba cha utrasaundi. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moto wa kuchomelea.

"Mama, wewe ndiye uliyemsikilizisha."

"Ni mimi, baba."

"Basi wewe ndiye wa kumtoa huko ulikomwingiza. Mrudishe kwenye mashine. Mwambie moyo umesimama."

"Sijui kama umesimama."

"Hata kama haujasimama. Mwambie umesimama." Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Nakuomba. Hatamsikiliza daktari, mimi hanisikilizi, lakini wewe atakuamini. Funika kombe mwanaharamu apite. Akishapona, akapata nguvu, nitamweleza mwenyewe. Lawama nitabeba mimi."

Mama Jeli alimwambia atoke, na akatoka. Kisha akabaki ameitazama mashine. Maisha yake yote ya kazi yalisimama juu ya jambo moja, kwamba anachokisema ndicho kilichomo. Wanawake walimwamini kuliko walivyoyaamini matumbo yao. Angeweza kwenda wodini akaketi kando ya kitanda, akamshika mkono, akamweleza kwa lugha ya mwanamke kwa mwanamke yale ambayo daktari aliyasema kwa lugha ya daktari, akayarudia hadi jioni. Alijua hivyo. Lakini aliona aibu. Angeketije mbele ya mtu ambaye asubuhi alimwambia msalimie mwanao? Huruma ilikuwepo, siikatai, ila aibu ndiyo iliyomsukuma. Alitaka kosa la asubuhi lifutike upesi, na uongo ulikuwa karibu kuliko ukweli.

Alikwenda kumchukua kwa kiti cha magurudumu. Fundi mapazia alikuwa amepauka, jasho limemtoka juu ya mdomo, na safari hii hakusema lolote kuhusu pazia. Mama Jeli alipaka jeli, akaweka kifaa. Moyo ulikuwa unapiga. Ulipepesa vilevile, haraka haraka, bila habari ya mtu. Lakini pembeni mwa mrija palikuwa na kivuli cheusi ambacho asubuhi hakikuwepo. Damu ilikuwa imeanza kuvuja.

Mashine zile zina kitufe cha kugandisha picha, ili mpimaji apate kupima kitu kisichotulia. Mama Jeli alikibonyeza. Kinukta kikaacha kupepesa. Akaigeuza skrini.

"Umesimama, mwanangu."

Fundi mapazia aliinua kichwa akatazama kwa muda mrefu. "Asubuhi alikuwa anacheza," alisema.

"Asubuhi, ndiyo."

"Fungua sauti."

Mama Jeli aliifungua. Picha iliyogandishwa haina sauti. Walisikiliza wote wawili, na katika kimya kile Mama Jeli aliogopa kwamba moyo wake mwenyewe ungesikika chumbani.

"Amekwenda mwenyewe," fundi mapazia alisema hatimaye, na akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo na kuibiwa kwa wakati mmoja. "Mungu kanihurumia, kamchukua mwenyewe. Ahsante, mama. Waambie walete hiyo karatasi."

Walipomfungua, tumbo lilikuwa limeshaanza kujaa damu. Daktari alisema baadaye kwamba wangengoja kidogo tu wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Alimkuta Mama Jeli koridoni. "Amekubalije?" aliuliza.

"Amekubali tu."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, ikakaa upande kama kawaida. Hakuuliza la pili. Huenda alijua. Huenda alijua kiasi cha kutotaka kujua zaidi.

Kwa hiyo alipona, na mtu akipona nani anauliza tena? Aliporudi kwa kliniki ya kidonda alileta pazia jipya, zito, la buluu, pindo limenyooka, akapanda mwenyewe juu ya kigoda na kulitundika. Mama Jeli alishukuru mpaka fundi akaona shukrani zimepita kiasi. Mume alikuwa nyuma yake. Alimwangalia Mama Jeli mara moja, kisha akaangalia sakafu, na ahadi yake ya kusema iliishia hapo sakafuni.

Wahenga wana neno lao kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ya Mama Jeli haikuwa fupi hata kidogo. Ilikwenda mwaka, ikaingia wa pili, na ilikuwa inakwenda mahali. Yeye sasa alipima kwanza. Wasichana wapya waliokuja kujifunza kazi walimsifu kwa kufuata utaratibu, na hawakujua kwamba zamani chumba kile kilikuwa na kicheko.

Fundi mapazia naye alikuwa mtu wa kuingia nyumba za watu. Anayepima dirisha husikia mengi na husema mengi, na yeye alikuwa na ushuhuda wake. Siku moja mjamzito mmoja, akiwa amelala pale chini ya feni, alimwambia Mama Jeli, "Kuna fundi alinishonea mapazia, mama. Yeye mimba yake ilikaa nje, wakataka kumkata, akakataa. Akamwachia Mungu. Mtoto akaondoka mwenyewe kwa amani, ndipo akakubali kisu. Mpaka leo mzima."

Mkono wa Mama Jeli ulisimama. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Hata nusu ya neno ingetosha. "Kila mtu na lake," alisema, na akaendelea kupima. Usiku hakupata usingizi, akamwambia mumewe ni kiungulia.

Fundi mapazia alirudi siku nyingine, wakati wa chakula cha mchana, korido ikiwa tupu. Mama Jeli alikuwa na kijiko mkononi. Alipouona uso ule alikiweka chini.

"Wifi yangu amekufa, mama."

Mama Jeli alimshika, akamketisha kitandani, akamwacha alie. Wifi mwenyewe, dada wa mume wa fundi, Mama Jeli hakuwahi kumwona, lakini alivyosimuliwa ni kama alimwona. Alikuwa akiishi upande wa pili wa mji na watoto wake wawili wadogo, kwa kuwa mumewe ni dereva wa malori, leo yuko mpaka huu, kesho ule. Alipata mimba ya tatu, akapata maumivu, akaenda zahanati ya karibu. Wakampiga picha. Wakamwambia imetunga nje, moyo unapiga, aende hospitali kubwa akapasuliwe. Badala ya kwenda alimpigia simu wifi yake, mtu aliyeyapitia.

"Akaniuliza nifanyeje. Nikamwambia, tulia. Wasikutishe. Usiwape ndiyo yako moyo ungali unapiga. Mimi nilingoja, na Mungu akanifanyia wepesi. Hata wewe atakufanyia." Alipumua kwa shida. "Mume wangu, kaka yake, alikuwa kazini mbali. Angekuwepo sijui kama angesema kitu. Akangoja, mama. Akaanguka jikoni mbele ya watoto. Majirani wakambeba, na njiani akakata kauli. Hawakufika naye."

"Na watoto?" Mama Jeli aliuliza.

"Watoto wako kwangu. Mdogo ameanza kuniita mama. Miaka yote nalilia watoto, si ndiyo hao? Nimewapata." Alijaribu kucheka, ikamshinda. "Mume wangu tangu arudi hasemi na mtu. Nikimwangalia anatoka. Kwa hiyo nimekuja kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyeona. Wangu ulisimama. Wake kwa nini haukusimama? Alikosea nini? Nimekaa nikifikiri, labda hakuomba sawasawa. Labda imani yake ilikuwa ndogo, mimi sijui, alikuwa mtu wa mzaha mzaha."

Angeacha ipite, ingepita. Angesema ni mipango ya Mungu, kama wanavyosema wote, na fundi mapazia angeondoka na amani yake, na wifi aliyelala kaburini angebaki na lawama ya imani haba. Mama Jeli aliona wazi kwamba uongo wake sasa ulikuwa unamsengenya marehemu, na hilo lilimshinda kulibeba.

"Aliomba," alisema. "Aliomba kama ulivyoomba. Wako haukusimama, mwanangu."

"Nini?"

"Ulikuwa unapiga. Niliigandisha picha kwa kitufe. Nilikudanganya ili ukubali, maana ulikuwa unakufa."

Fundi mapazia aliitazama mashine, kisha akamtazama yeye. Ilichukua muda kuingia, na ilipoingia Mama Jeli aliona inavyoingia.

"Kwa hiyo nimeua wawili," alisema.

"Hapana. Hapana, nisikilize." Mama Jeli alipiga magoti, uzee na magoti mabovu na yote. "Yule wa kwanza hakuwa na pa kwenda. Ungekataa mpaka mwisho, angekufa ndani yako na wewe ungemfuata. Kusema ndiyo hakukuwa kumwua. Ilikuwa ni kukubali usife naye. Hukumnyima kitu, mwanangu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumpa. Mama anaruhusiwa kubaki."

Fundi mapazia alisikiliza, neno kwa neno, kama alivyomsikiliza daktari siku ile.

"Maneno mazuri," alisema. "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Niliogopa hutakubali."

"Labda nisingekubali." Alishuka kitandani, akajinyoosha gauni kwa mikono yote miwili. Hakuwa analia tena, na Mama Jeli akatamani angelia. "Ningekufa mimi, nisiye na mtoto. Wifi angenizika, angejua ugonjwa huu unaua, na siku yake ilipofika angekwenda hospitali mbio. Leo angekuwa anawapikia wanawe."

Mama Jeli alikuwa angali amepiga magoti. Fundi mapazia alimsaidia kuinuka, akamketisha kwenye kigoda, akatoka. Watoto walikuwa karibu kutoka shule, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuwapokea.